Zheng He: Msafara wa Merikebu, Pepo za Msimu na Kisa cha Shanga

Kiswahili huzitaja pande mbili za dunia kwa majina ya pepo. Anayesema kaskazini anautaja upepo wa kaskazi, na anayesema kusini anautaja upepo wa kusi. Neno msimu nalo lina bahari ndani yake. Asili yake ni mausim ya Kiarabu, neno ambalo Wareno walilichukua, na kupitia kwao likaenea Ulaya likiwa na maana ya pepo za Bahari ya Hindi.

Katika visiwa vya Lamu mambo haya hayakuwa ya kamusi tu. Yalikuwa kalenda ya kuishi. Kati ya Desemba na Machi kaskazi ilivuma, na majahazi ya Uarabuni na Ghuba yakateremka nayo hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Aprili upepo uligeuka, mvua za masika zikapiga, na bahari ikafungwa. Kusi ilikuwa kali mno Juni na Julai; ilipolegea kuanzia Agosti, ikawa demani, na hapo safari za kurudi zikafunguka tena. Baina ya pepo hizo mbili zilikuwapo siku za tanga mbili, upepo usipokuwa na msimamo na nahodha mwenye busara asipotoka bandarini. Aliyekosa msimu alikaa mwaka mzima ugenini. Wengine walioa wakiwa katika kungoja huko, nasi tu wajukuu wa subira yao.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyezaliwa mbali sana na Lamu, katika nyanda za juu zisizo na bahari, lakini ambaye miaka yake ya utu uzima ilitawaliwa na pepo hizo hizo. Jina lake ni Zheng He. Visiwani Pate anasimuliwa hadi leo, ingawa hapana uthibitisho kwamba aliwahi kukiona kisiwa hicho. Nimeona inafaa azungumzwe katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu kisa chake kimefungwa pamoja na jina la mji wetu mmoja wa kale, Shanga, na jina hilo limekwisha kupewa tafsiri ambazo historia ya mji wenyewe inazikataa.

Alizaliwa mwaka wa 1371 huko Kunyang, kando ya Ziwa Dian, katika jimbo la Yunnan lililo kusini-magharibi mwa Uchina. Jina lake la utotoni lilikuwa Ma He. Ma ni jina la ukoo lililotumiwa na Waislamu wengi wa Uchina kwa kufuata jina la Mtume Muhammad. Baba yake na babu yake wote wawili walijulikana kwa lakabu ya Hajji, maana walikwisha kuhiji Makka. Yamkini kijana huyo alisikia habari za bahari, za merikebu na za miji ya Waarabu kabla hajaona maji yoyote makubwa kuliko ziwa la kwao.

Utoto huo ulikatizwa kikatili. Yunnan ilikuwa bado chini ya Wamongolia, na majeshi ya dola mpya ya Ming, iliyoasisiwa mwaka wa 1368, yaliivamia mwaka wa 1381. Baba alifariki katika misukosuko hiyo akiwa na umri wa miaka 39. Mtoto alitekwa, akahasiwa, na akapelekwa kaskazini kuwa towashi katika nyumba ya Zhu Di, mwanamfalme wa Yan, aliyekuwa na makao yake katika mji ambao leo ni Beijing. Hatuna budi kulitaja jambo hili bila ya kulipamba. Sifa zote zilizokuja baadaye zilijengwa juu ya mtoto aliyenyang'anywa mzazi, mji na uzao.

Alikulia vitani. Mfalme wa kwanza wa Ming alipofariki mwaka wa 1398, kiti kilimwendea mjukuu wake, na mwaka uliofuata Zhu Di akamwasi mpwa wake huyo. Vita vilidumu hadi mwaka wa 1402, Nanjing ilipoanguka na Zhu Di akatawazwa kwa jina la Yongle. Towashi wetu alikuwa miongoni mwa waliopigana upande wa mshindi, na mwaka wa 1404 akatunukiwa jina la Zheng. Mwaka mmoja baadaye aliamrishwa kuongoza msafara wa merikebu kwenda Bahari ya Magharibi, jina ambalo Wachina waliliita eneo la bahari yetu.

Hapa takwimu huanza kumshangaza msomaji. Historia rasmi ya dola ya Ming inasema kwamba msafara wa kwanza, uliong'oa nanga mwaka wa 1405, ulikuwa na merikebu kubwa 62 na watu zaidi ya 27,800. Inasema pia kwamba kubwa kuliko zote zilikuwa na urefu wa zhang 44, ambao ukigeuzwa kuwa vipimo vya leo unazidi mita 120. Idadi ya watu inakubalika kwa wanahistoria wengi. Urefu huo, hata hivyo, unatiliwa shaka na wajuzi wa uundaji wa vyombo, kwa kuwa merikebu ya mbao yenye kimo hicho ingepindwa na mawimbi ya bahari kuu hadi ivuje. Kwa maoni yangu wana haki. Lakini hata tukizikata merikebu hizo nusu, bado chombo kimoja kingeifanya mitepe ya Faza na Siyu, iliyoshonwa kwa kamba za nazi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ionekane kama ngalawa ubavuni mwake.

Misafara ilikuwa saba, kati ya mwaka wa 1405 na 1433. Mitatu ya mwanzo ilikoma Calicut, bandari ya pilipili katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Wa nne, wa 1413 hadi 1415, ulivuka hadi Hormuz penye mlango wa Ghuba. Iliyofuata ilifika Uarabuni na pwani ya Afrika. Siku hizi amezoeleka kusifiwa kuwa mjumbe wa amani, na ni kweli kwamba hakuacha ngome wala koloni. Lakini alibeba askari kwa maelfu, na alijua kuwatumia. Kule Palembang alimkamata haramia mmoja, Mchina mwenziwe Chen Zuyi, ambaye aliuawa Nanjing mwaka wa 1407. Katika msafara wa tatu alipigana na mtawala wa Sri Lanka, akamteka na kumpeleka mateka Uchina. Amani ya aina hiyo ilikuwa na panga kiunoni.

Kilichobaki Sri Lanka ni jiwe. Lilipatikana Galle mwaka wa 1911, na maandishi yake ya mwaka wa 1409 ni ya lugha tatu: Kichina, Kitamili na Kiajemi. Upande wa Kichina unamtukuza Buddha, wa Kitamili unamtukuza mungu wa Kihindu, na wa Kiajemi unamhimidi Mwenyezi Mungu. Imani ya Zheng He mwenyewe haikuwa na mipaka mikali zaidi ya jiwe hilo. Mwaka wa 1417, kabla ya msafara wa tano, alizuru makaburi ya Waislamu watukufu huko Quanzhou. Mwaka wa 1431 alisimamisha mawe mawili ya shukrani kwa Tianfei, mungu wa kike ambaye mabaharia wa Uchina walimwomba awaokoe na tufani. Baadhi ya wasomaji wataliona hili kuwa gumu kumeza. Mimi naona ni mtu aliyekuwa na watu 27,000 wa dini mbalimbali chini ya amri yake, na mbele yake bahari.

Sasa tuingie pwani yetu. Mwaka wa 1414 Bengal ilimpelekea Mfalme Yongle twiga, na mwaka wa 1415 akawasili twiga mwingine, safari hii kutoka Malindi. Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wa hekaya zao ambaye huonekana tu mtawala anapokuwa mwadilifu. Ni dhahiri kwa nini mfalme aliyekipata kiti kwa kumpindua mpwa wake alifurahi kumpokea. Jiwe la Changle la mwaka wa 1431 linataja zawadi za miji mingine: Mogadishu ilitoa punda milia na simba, Barawa ilitoa ngamia na mbuni.

Wanaosimulia habari za twiga huyo aghalabu humsahau mtu aliyemshika kamba. Mnyama hakwenda peke yake. Alikwenda na wajumbe wa Malindi. Msafara wa tano, ulioondoka mwaka wa 1417, ulikuwa na kazi ya kuwarejesha wajumbe makwao. Kwa hiyo kabla ya chombo chochote cha Zheng He kutajwa katika pwani hii, watu wa pwani hii walikwisha kutia mguu katika baraza la mfalme wa Uchina. Walikwendaje? Kwa kusi, bila shaka, maana hapana upepo mwingine wa kumtoa twiga Malindi na kumfikisha Asia. Njia hiyo haikufunguliwa na Zheng He. Aliikuta ikipitwa na Waarabu, Waajemi, Wahindi na Waswahili, naye akaingia ndani yake na chombo kikubwa kuliko vyao.

Je, yeye mwenyewe alifika Afrika? Wataalamu hawakubaliani. Desturi ya misafara ilikuwa kugawanyika vikosi: wengi wakibaki na amiri katika bandari kuu, wachache wakipelekwa mbali zaidi. Inawezekana sana kwamba waliofika Mogadishu, Barawa na Malindi walikuwa manaibu wake. Fei Xin, askari aliyesafiri katika baadhi ya misafara hiyo, aliandika habari za Mogadishu, nyumba zake za mawe na ukame wake. Ma Huan, mkalimani Mwislamu ambaye kitabu chake ndicho bora kuliko vyote juu ya safari hizo, aliieleza Aden na hata Makka, lakini pwani ya Waswahili hakuieleza. Ramani ya njia za baharini iliyochapishwa baadaye, katika karne ya 17, inazo Malindi na Mombasa. Shanga haimo katika orodha ya miji ambayo historia ya Ming inaitaja.

Lakini Pate ina habari zake. Inasimuliwa kisiwani humo kwamba merikebu ya Wachina ilipanda mwamba karibu na Shanga, mabaharia wakaokoka na kuogelea hadi pwani. Masimulizi mengine huongeza kwamba walimuua chatu aliyewasumbua wenyeji, na kwa hisani hiyo wakakubaliwa kukaa. Wakasilimu, wakaoa, na Shanga ilipovunjika wakahamia Siyu na mji wa Pate. Siyu pana watu waitwao Wafamau, ambao asili yao mara huhusishwa na Wareno, mara na Wachina. Mwaka wa 2005 Uchina ilipoadhimisha miaka 600 ya msafara wa kwanza, masimulizi haya yalipata nguvu mpya. Waandishi wa habari walimiminika, na ikasemwa kwa ujasiri kwamba hata jina Shanga ni Shanghai iliyopungua.

Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kunyosha mkono. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga katika miaka ya 1980, na akaonyesha kwamba watu waliishi hapo tangu karne ya 8, wakiwa na msikiti mdogo ambao ulijengwa upya mara nyingi juu ya msingi ule ule. Mji huo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 600 Zheng He alipotweka tanga. Ni mji gani wenye misikiti, masoko na makaburi unaokaa miaka hiyo yote bila ya jina, ukimngoja baharia aliyezama aje kuubatiza? Fauka ya hayo, Kiswahili kina neno shanga, wingi wa ushanga, nasi hatuhitaji kuvuka bahari kulitafuta. Sisemi kwamba jina la mji limetokana na shanga za shingoni. Kufanana kwa sauti si ushahidi kwa upande wetu pia. Nasema tu kwamba anayetaka kutuletea Shanghai ana mzigo mzito wa kuubeba.

Vivyo hivyo kauri. Nyumba za kale za Lamu na Pate zilipambwa kwa zidaka, na ndani ya zidaka zikawekwa sahani na bakuli za Uchina. Mambrui kuna nguzo ya kaburi iliyopachikwa bakuli za enzi ya Ming. Lakini kauri za Uchina zilifika Shanga na Manda mamia ya miaka kabla ya Zheng He, zikipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi, bandari baada ya bandari. Sarafu nayo ni hivyo hivyo. Mwaka wa 2013 kundi la watafiti lililoongozwa na Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, pamoja na Sloan Williams, lilitangaza kupata Manda sarafu yenye tundu la mraba na jina la Yongle. Nyingine ya mfalme huyo ilikwisha kupatikana Mambrui mwaka wa 2010. Hizi ni habari za kusisimua, kwa kuwa zinatupa tarehe: sarafu hizo hazikutolewa kabla ya enzi yake. Hata hivyo, sarafu husafiri mfukoni mwa mtu yeyote. Wapiga mbizi wametafuta mabaki ya merikebu katika maji ya visiwa hivi, na hadi sasa hapana mabaki yaliyothibitishwa kuwa ya msafara wa Zheng He.

Nisieleweke vibaya. Kisa cha mabaharia waliookoka si cha kutupwa. Shanga ilihamwa yapata mwaka wa 1425, enzi zile zile za misafara, na miamba ya upande wa bahari kuu wa Pate imeua vyombo vingi. Msafara wa merikebu kadhaa uliokawia kuondoka, ukakutwa na tanga mbili au na ukali wa kusi, ungeweza kupoteza chombo hapo. Ninalolipinga ni kugeuza mashaka kuwa hati ya udugu. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, iliyojengwa na kampuni ya Kichina, lilifunguliwa Mei 2021, na wakati wa hotuba za namna hiyo merikebu ya Zheng He huelea juu ya maji kwa wepesi mno. Mkataba wa bandari upimwe kwa faida na hasara zake kwa wavuvi wa Lamu. Historia ya Shanga isitumiwe kuwa risiti.

Yongle alifariki mwaka wa 1424. Mwanawe alisimamisha misafara mara moja, na Zheng He akawekwa Nanjing kusimamia ulinzi na majengo. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60 Mfalme Xuande alipomwamuru asafiri tena, safari ya saba na ya mwisho. Ratiba ya safari hiyo imehifadhiwa kwa tarehe zake, na anayejua pepo za Lamu ataisoma kama anayesoma kalenda ya kwao.

Msafara uliondoka Nanjing Januari 1431, ukafika Changle, pwani ya Fujian, mwezi wa Aprili. Hapo ulikaa. Kaskazi ilikuwa imekwisha, na hapana amri ya mfalme iliyoweza kuirudisha. Ulitoka baharini tarehe 12 Januari 1432, kaskazi ya mwaka uliofuata iliposhika. Ulifika Surabaya, kisiwani Java, mwezi wa Machi. Ukangoja tena miezi minne hadi Julai, upepo wa kusini ulipokuwa tayari kuusukuma kwenda Palembang na Malacca. Novemba ulivuka kwenda Sri Lanka. Desemba ulifika Calicut, ukakaa siku nne tu. Tarehe 17 Januari 1433 ulikuwa Hormuz. Tukihesabu, kati ya miaka miwili ya safari hiyo, zaidi ya mwaka mmoja ulikuwa wa kungoja. Maelfu ya watu walikaa pwani wakirekebisha matanga, wakipika, wakiuza na kununua, wakiutazama upepo.

Kurudi kulikuwa kwa haraka. Msafara mkuu uliondoka Hormuz tarehe 9 Machi, ukafika Calicut mwisho wa mwezi, ukaondoka Aprili, na kusi changa ikaubeba hadi Uchina, ambako ulitia nanga tarehe 7 Julai 1433. Wengi wanaamini kwamba Zheng He hakuwa hai siku hiyo. Kwamba alifariki Calicut au njiani, na akazikwa baharini. Wengine hushikilia kwamba alirudi, akafa mwaka wa 1435.

Baada yake dola iliacha kupeleka merikebu kubwa magharibi. Fedha zilihitajika katika mpaka wa kaskazini, na wasomi wa baraza hawakuwapenda matowashi wala gharama zao. Kumbukumbu nyingi za misafara hiyo zilipotea, au zilipotezwa. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498, miaka 65 baadaye, hapakuwa na chombo cha Mfalme wa Uchina katika bahari hii. Palikuwapo majahazi yale yale ya zamani, yakingoja kusi.

Kaburi la Zheng He liko katika kilima cha Niushou, nje ya Nanjing. Lilijengwa upya mwaka wa 1985 kwa mtindo wa Kiislamu, na juu yake pana maandishi ya Kiarabu ya kumtukuza Mwenyezi Mungu. Wengi wanasadiki kwamba ndani yake hamna mwili.